Mgeni wa Upenuni

Mama yangu, Nyangi, alikuwa mtu wa kukera. Nasema hivyo nikiwa binti yake wa kumzaa, na nimemzika juzi tu, kwa hiyo asije mtu akaniambia simheshimu marehemu. Ukimwambia mvua inakuja, anakuuliza, "Una uhakika?" Bwana shamba akija kijijini kwetu, huku upande wa Butiama, akasema mbegu hii inavumilia ukame, mama anasimama nyuma kabisa ya mkutano: "Umeona, au umeambiwa?" Katekista alikuwa akimwona kanisani anapunguza sauti. Watu wakampa jina, Mama Una Uhakika. Yeye hakulikataa, aliuliza tu nani kalianzisha, na kama kweli ni huyo.

Lakini ninayetaka kumsimulia ni mtu mwingine, yule bwana anayeziba ndoo kule mjini, mtaa wa Makoko. Ukipita asubuhi karibu na ziwa unamkuta amekaa kwenye kigoda, jiko la mkaa mbele yake, vyuma viwili ndani ya moto. Unampa beseni lililopasuka, anatafuta kipande cha plastiki cha rangi ileile, anakiyeyusha kwa chuma juu ya ufa, analainisha taratibu, kisha anajaza maji na kulinyanyua juu atazame kama linavuja. Haiti wateja. Amepanga chumba kimoja uani kwa watu, na katika muda wote niliomjua hapo sijawahi kukuta mgeni amekalia kiti chake cha pili, kwa sababu kiti cha pili hakuwa nacho.

Mimi nina duka la vyombo mji huohuo, mtaa wa Iringo. Nauza mabeseni mapya, yeye anaziba ya zamani, kwa hiyo hata kibiashara hatukupaswa kupendana. Siku ya kwanza alipoingia dukani nilidhani amekuja kuomba vyombo vilivyovunjika akachukue plastiki. Mtu mzima, mashavu yameingia ndani, meno ya mbele hayapo, kofia ameishika mkononi.

"Habari za hapa, dada," akasema. "Wewe ndiye Scholastika wa Mama Nyangi?"

"Ndiye. Nikusaidie nini?"

"Mama yuko hai?"

"Yuko hai. Wewe nani?"

Akaikunja ile kofia. "Mimi ni Masatu."

Nikamwambia atoke dukani kwangu, na sikumwambia kwa upole. Masatu ni kaka yangu, tumbo moja, hatuna wa tatu. Na Masatu tulishamzika.

Aliondoka nikiwa darasa la tano. Alikwenda ng'ambo ya ziwa kwenye machimbo ya dhahabu, kama vijana wengi wa wakati ule, akasema atarudi na bati za kuezekea nyumba ya mama. Mwaka uliofuata shimo likaporomoka, na waliokuwa ndani hawakutolewa. Kijana mmoja wa kwetu, Gody, aliyekuwa anachimba hukohuko, akaja na shati la Masatu, lile la mistari ambalo mama mwenyewe alilishonea mfuko wa ndani. Akasema amelikuta limetundikwa mdomoni mwa shimo.

"Ulimwona akiingia?" mama akamuuliza.

"Sikumwona akiingia, mama. Lakini shati lake si hili?"

"Shati nimeliona. Mimi nakuuliza mtu."

Ukoo wetu hauachi mtu akae hewani. Aliyekufa na mwili haukupatikana, wazee wanakata mgomba urefu wa mtu, wanauvalisha nguo yake, wanaulaza kaburini, watu wanalia, wanakula, mambo yanaisha. Baba mdogo Baltazari ndiye aliyesimamia. Wakauvalisha ule mgomba shati la mistari, wakaufunika shuka, wakauzika nyuma ya nyumba, na mimi nililia mpaka sauti ikakauka. Mama hakulia. Alipoulizwa kwa nini halii, alisema, "Mmezika mgomba. Hilo nina uhakika nalo." Watu walimnunia kwa muda mrefu kwa neno hilo.

Sasa zaidi ya miaka ishirini imepita, na mtu amesimama mlangoni kwangu na kofia.

Hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya duka mpaka nikafunga, na nilipofunga akanieleza. Lile shati alilibadilisha na mwenzake kwa sweta, kwa sababu ya baridi. Siku shimo linaporomoka yeye alishahamia machimbo mengine. Toka hapo akavuka mpaka, akaenda Kongo, akaenda Zambia, hakuna alichopata. Kila mwaka alisema mwakani atarudi na bati.

"Na simu? Duniani kote hukuona simu?"

"Namba sikuwaga nayo. Halafu nilikutana na mtu wa Mara akaniambia nimezikwa." Akatazama chini. "Mtu akishasikia amezikwa, dada, anaona aibu kusumbua."

Neno hilo lilinichoma. Likaniudhi pia. Kaka yangu alikuwaga ananiita Scola, kwa dharau kabisa, Scola lete maji, Scola ondoka hapo. Huyu ananiita dada, kama mteja anayeomba apunguziwe bei. Nami nikamwita fundi. Tukaendelea hivyo, dada na fundi.

Jumapili nikampeleka kijijini. Na hapa ndipo palipo mzigo wenyewe, mnisikilize vizuri. Kwetu aliyezikwa akirudi haruhusiwi kupita mlangoni. Mlango ni wa watu ambao hawajaliliwa. Inabidi ukuta wa nyuma utobolewe, mama yake akae ndani, amwite jina lake mara tatu, naye aitike, aingie kwa lile tundu akitanguliza kichwa kama anazaliwa upya. Kisha kaburi linasawazishwa. Mama akiwa hai, wa kuita ni yeye tu. Asipokuwepo, ni wa tumbo moja. Na mwitaji akikosea, akaitika mtu mwingine, jina linakuwa limechukuliwa. Mwenyewe, popote alipo, hai au mfu, hana tena nyumba ya kurudi.

Mama alitoka nje, akamtazama yule mtu kuanzia kofia mpaka kandambili. Nilifikiri mama ni mama, atajua, damu itamwambia. Yeye akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka upenuni.

"Karibu, mgeni," akasema. "Kaa hapo kwenye kivuli."

Akaanza kumhoji kama polisi. Yule bwana akakunja suruali, akaonyesha kovu la mguu alipomwagikiwa na uji wa moto. Mama akasema kovu ni kovu, nani hapa hana kovu. Akataja jina la ng'ombe wetu aliyekuwa na pembe moja. Mama akasema ng'ombe yule alijulikana kijiji kizima. Akataja kwamba mama alimshonea mfuko ndani ya shati. Mama akaguna, "Hata aliyekaa na hilo shati aliuona mfuko."

"Haya," mama akasema. "Siku unaondoka nilikupikia nini?"

Akafikiri. "Ugali wa mtama na furu, wale samaki wadogo wa ziwani."

"Kunde," mama akasema. "Furu siku hiyo hatukuwa nao."

Mimi nikadakia kwamba ilikuwa ningu, samaki mkubwa, nakumbuka mpaka kichwa chake kilivyokuwa kwenye bakuli, maana nilikililia nikanyimwa. Mama akanigeukia. "Una uhakika?" Ninao, nikasema. Halafu nikabaki nimeshika kidevu. Tulikuwa watu watatu pale, na siku moja, na mboga tatu. Nilianza kuwaza kama kichwa kile cha ningu sikukiona siku nyingine, kwenye msiba fulani, nyumba nyingine.

Mama alicheka kwa kukoroma. "Mnaona sasa. Hata mimi sina uhakika kama ndiye niliyepika."

Basi hapo mimi nikaingia kwenye mtego ambao sijatoka. Yule mtu akipatia swali, nasema kuna aliyemweleza, labda alikaa machimboni na Masatu wa kweli wakasimuliana mambo ya nyumbani. Akikosea, nasema si yeye, ni tapeli. Akipatia sana, nasema mbona anajua kupita mimi. Hakukuwa na jibu ambalo angenipa nikalala usingizi. Siku moja nikamwambia hivyo hivyo, kwa hasira, kama vile kosa ni lake.

"Nimeshaona, dada," akasema. "Ndiyo maana siku hizi nasubiri kwanza niulizwe."

Kila Jumapili alikuja kwa baiskeli kutoka Makoko. Mama anapika, anampakulia, anamtolea chakula upenuni. Mvua ikinyesha wanajibanza wote wawili ukutani, yeye mgeni na yeye mwenye nyumba, miguu yao inalowa, na mlango uko wazi hatua chache tu. Aliziba ndoo zote za mama, akaziba mpaka kata ya kuchotea maji. Akimaliza anachukua jembe anakwenda nyuma kupalilia kaburi la Masatu. Nilimkuta huko mara moja, ameinama anang'oa magugu kwenye kaburi ambalo kama anasema kweli ni lake, akiyarundika pembeni vizuri. Nilirudi mbele ya nyumba. Roho iliniuma na sikujua naiumiza kwa ajili ya nani.

Mtasema, kuna kipimo cha DNA. Wala msidhani nilikuwa sijafikiria. Nilimweleza mama, nikamwambia tunakwenda Mwanza, wanachukua mate tu, wataalamu wanatuandikia.

"Wanaandika kwenye karatasi?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi sijui kusoma. Atanisomea nani?"

"Mimi."

"Na wewe utakuwa umeona, au umeambiwa na karatasi? Na karatasi imeambiwa na mashine. Mashine wewe unaijua?" Akanipiga kofi dogo la bega. "Mwanangu, utanipeleka Mwanza nikaongezewe watu wa kuwashuku."

Nikamgeukia fundi. Yeye akasema yuko tayari, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Nilipombana akasema, "Mama akiniita kwa sababu ya karatasi, itakuwa ameiita karatasi." Hapo nikamshuku upya. Tapeli gani anayependa kipimo? Lakini pia, mtoto gani anayetaka kuingia kwa mama yake kwa cheti? Nikaacha.

Siku moja tukichambua mboga nilimuuliza mama wazi kwa nini hamwiti tu, uzee wenyewe huu, anangoja nini. Hakunikaripia. Alisema, "Wewe unaona namnyima huyu. Mimi namfikiria yule mwingine. Nikimwita huyu, na kumbe siye, yule wangu akija atakuta pamekaliwa. Miaka yote hii sikulia kwa sababu sikumwona akifa. Sasa nimwuze kwa sababu nimechoka?" Kisha akaendelea na mboga zake. Nilikuwa nafikiri mama yangu hana imani na kitu chochote. Nikaona kumbe alikuwa amemshikilia Masatu peke yake muda wote huo, sisi wengine tumeshakula msiba tukanawa mikono.

Mwanzoni mwa mwaka huu mama akaanza kuvimba miguu. Tukamlaza hospitali moja huko Bunda. Wodini hakuna upenu, hakuna ukuta wa kutoboa, kuta si za ukoo wetu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza yule bwana aliketi ndani, karibu na mama, chini ya paa moja. Alifunga kazi yake Makoko. Alimnywesha uji kwa kijiko, akimfuta kidevu. Manesi wakawa wanamwita "mtoto wa bibi", na mama anawatazama tu. Mimi nilikuwa nangoja kwa hamu awaulize kama wana uhakika. Hakuwauliza.

Jioni moja mama akamshika yule bwana kifundo cha mkono. "Na wewe," akasema, "una uhakika kwamba wewe ni Masatu?"

Nilidhani ataapa. Mtu yeyote angeapa.

"Zamani nilikuwaga nao, mama. Nilikotembea kule nilitumia majina mengi, ya kupata kazi. Nilikuwa nasema mwisho nitarudi mahali ambapo naitwa langu. Sasa nimerudi, naitwa fundi. Nikiamka asubuhi pale chumbani naona labda nilisikia tu habari za huyo Masatu mahali, nikazipenda."

Mama hakumwachia mkono. Alinitazama mimi. "Scola, wewe unaonaje?"

"Sijui, mama."

"Haya. Afadhali tuko wawili," akasema. "Nimechoka kutojua peke yangu." Akafumba macho, akasema akirudi nyumbani ataamua.

Alirudi nyumbani kwenye jeneza.

Tukamweka sebuleni katika nyumba yake ileile ya udongo, ambayo bati zake nilinunua mimi. Watu walijaa. Wanawake wanaingia, wanaaga, wanatoka. Nikamtafuta fundi kwa macho sikumwona. Nilipozunguka nyuma nikamkuta amesimama amegusisha kiganja ukutani, usawa ule ambapo ndani jeneza lilikuwa limewekwa. Sijui alipajuaje. Kofia yake ilikuwa chini karibu na kaburi la mgomba, na karibu na kaburi hilo vijana walikuwa wanamalizia kuchimba la mama.

Nikamwendea Baba mdogo Baltazari. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo. Nikamwambia yule mtu hajamuaga mama.

"Yule alizikwa," akasema. "Mlangoni hapiti. Mama yako alikuwa na muda wa kumwita, hakumwita."

"Alisema ataamua."

"Hakuamua. Sasa aliyebaki wa tumbo lile ni wewe." Akanitolea macho, na waombolezaji wa pale karibu wakatugeukia. "Nakuuliza mbele za watu, Scholastika, ili usije kulaumu ukoo. Una uhakika ndiye? Maana ukimwita asiye yeye, kaka yako unamfungia nje wewe, kwa mdomo wako."

Nilitamani mama anyanyuke amjibu. Nilijipekua ndani kote nikitafuta kitu kimoja, ishara, kumbukumbu ambayo haina shaka. Nilikuta kichwa cha ningu ndani ya bakuli, basi. Na nilimwona kwa mawazo yule mtu akirudi Makoko jioni kwa baiskeli, kwenye kile chumba cha kiti kimoja, na mimi nikirudi Iringo kwangu, ambako wanangu walishahama na hakuna anayeniita Scola tena. Na nilimfikiria na yule mwingine, kama yupo, ananiangalia kutoka huko aliko. Nililia pale mbele ya Baba mdogo kama nilivyolia nikiwa darasa la tano.

Nilikwenda nyuma nikachukua jembe la mmoja wa wachimbaji, nikaingia nalo ndani kwa mlango. Wanawake wakasogea. Nikavua kanga ya mabegani nikalifunika jeneza, halafu nikaanza kuupiga ukuta. Udongo wa zamani, uliokauka, ulitoka kwa mapande, fito zikabaki, nikazivunja kwa mikono. Mwanga ukaingia. Nikaona suruali yake na vidole vya miguu.

Nikapiga magoti. "Masatu," nikaita.

Hakuitika.

"Masatu."

Nyuma yangu mtu alisema, mnaona, hata jina hajalizoea. Mimi pia nilikuwa nimewaza hivyo, siwezi kudanganya. Vumbi lilinijaa kooni. Nikaita mara ya tatu, na sauti ilitoka kama ya mama.

Aliinama mpaka nikauona uso wake tunduni, umelowa, na mikono imeshika kingo za ukuta kama anayeogopa kuubomoa zaidi.

"Una uhakika, Scola?" akaniuliza.

"Sina," nikamwambia. "Ingia."

Akatanguliza kichwa. Mabega yalikwama kidogo, nikamvuta, na alipokwisha kuingia nikasogea pembeni apate pa kukaa karibu na mama.